Dadu mkononi, kitabu mezani: majibu kwa wanaojichapishia michezo

Maswali ya safari hii yametoka kwa watu wanaoandika na kujichapishia wenyewe vitabu vya michezo ya kuigiza wahusika: ile ambayo watu wanne watano huketi mezani, mmoja akawa msimulizi, kila mwingine akabeba mhusika wake, na dadu zikaamua kama upanga umepata au umekosa. Kabla sijajibu, naomba mlioniandikia mshike jambo moja. Riwaya husomwa na mtu aliyetulia. Kitabu cha mchezo hufunguliwa na mtu mwenye dadu mkononi, macho ya wenzake yakimngoja. Karibu kila nitakachosema kinatoka hapo.

Mwalimu, shikamoo. Nitumie A4 au A5? Na safu moja au mbili? (Morogoro)

Marahaba, mwanangu. Chukua A5, safu moja. Vitabu vikubwa vinavyotoka Marekani vimetuzoesha ukurasa mpana wenye safu mbili, tukadhani ndivyo kitabu cha mchezo kinavyopaswa kuwa. Lakini Dungeons & Dragons yenyewe, mchezo mashuhuri wa aina hii, ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa vijitabu vitatu ndani ya kisanduku, kila kimoja kikikaribia A5 kwa ukubwa. Kijitabu cha namna hiyo hakimalizi nafasi ya meza, na mezani tayari kuna ramani, karatasi za wahusika na vikombe vya chai.

Safu mbili zina kazi kwenye A4, kwa sababu mstari wa sentimita 17 hubeba herufi zaidi ya 90, na jicho likirudi kushoto hupotea. Mstari unaosomeka bila taabu una herufi 45 hadi 75. Kwenye A5, kwa fonti ya pointi 10 na pambizo za milimita 15 hadi 18, safu moja inakuangusha katikati ya hapo.

Nimepanga safu mbili kwenye A5 na kunyoosha maandishi pande zote mbili. Mistari mingine ina matundu, mingine inakata maneno vibaya: "masham-bulizi", "wachez-aji". Nakosea wapi? (Mombasa)

Swali hili nimelingoja kwa muda mrefu, kwa hiyo nivumilie.

Programu yako inakata maneno kwa kanuni za Kiingereza. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu: ma-sha-mbu-li-zi, wa-che-za-ji. Kwa hiyo *mb*, *nd*, *ny*, *ch*, *sh* na *ng'* hazitenganishwi hata siku moja. Ile *m* ya "mchezaji" ni silabi kamili, lakini usiiache peke yake mwisho wa mstari. Msomaji ataiona kama herufi iliyodondoka.

Kuna hatua nyingine ambayo kamusi ya kukatia maneno haiwezi kukufanyia. Chukua "watakaposhambuliwa". Kwa silabi unaweza kulikata mahali saba, lakini pazuri ni mahali pamoja tu: watakapo-shambuliwa. Mzizi umebaki mzima, na msomaji akifika mstari wa pili anakutana na neno analolijua. Zima ukataji wa moja kwa moja, kisha pitia mistari inayosumbua na kuweka kistari laini kwa mkono. Kwenye Word na LibreOffice ni Ctrl pamoja na kistari. Kistari hicho hakionekani mpaka neno lifike ukingoni, kwa hiyo hata ukibadilisha fonti baadaye hakitakuachia takataka katikati ya mstari.

Sasa matundu. "Watakaposhambuliwa" lina herufi 18. Safu yako nyembamba haibebi zaidi ya 30 na kitu. Neno moja likila nusu ya mstari, programu haina la kufanya ila kuyatawanya yaliyobaki. Kiswahili hubandika nafsi, wakati na kitendo katika neno moja, na sheria za mchezo zimejaa maneno ya aina hiyo. Ndiyo maana mpangilio uliofanya kazi kwa Kiingereza hauhamishiki kwetu hivihivi. Rudi kwenye safu moja, au nyoosha upande wa kushoto tu na kulia uache huru. Hakuna aibu kwenye ukingo usionyooka.

Kwenye kompyuta kurasa zangu zina sura ya ngozi ya kale, zinapendeza. Zilipochapwa zimekuwa matope. (Nairobi)

Pole. Nami yamenipata, na kijitabu changu cha kwanza kilitoka hivyohivyo.

Skrini hutoa mwanga, karatasi hunywa wino. Picha za skrini ziko katika mfumo wa RGB, yaani mwanga mwekundu, kijani na bluu. Mashine ya chapa hutumia rangi nne za wino, CMYK: samawati, waridi iliyokolea, njano na nyeusi, kila moja ikipimwa kuanzia sifuri hadi asilimia 100. Ukiiachia programu ibadilishe yenyewe, weusi wako unaweza kugawanywa katika rangi zote nne na kufikia jumla ya asilimia 300. DriveThruRPG, duka la mtandaoni linalochapa na kuuza michezo hii, linataka jumla isizidi 240. Zaidi ya hapo wino hauwahi kukauka, kurasa hushikana.

Maandishi yawe wino mweusi asilimia 100, rangi nyingine tatu sifuri. Herufi ndogo ikichapwa kwa rangi nne, karatasi ikisogea hata kidogo tu, kingo zake huwa na ukungu.

Na ile ngozi ya kale, ushauri wangu ni uiondoe. Kama moyo haukubali, ibakize kwenye jalada na kurasa za kufungulia sura, kisha toa toleo la pili la PDF lenye kurasa nyeupe. Wapo wanunuzi watakaolipeleka steshenari kuchapa wenyewe, na wanalipia kila ukurasa. Usiwatoze rangi ya kahawia.

Nimeandika kisa cha magofu yenye vyumba 12. Msimulizi wangu wa majaribio alikuwa akifunua mbele na nyuma mpaka wachezaji wakaanza kuchati. Nipange vipi? (Dodoma)

Fikiria kurasa mbili zinazotazamana kama kitu kimoja. Kila kinachohitajika wachezaji wakiwa upande mmoja wa magofu kikae humo: maelezo ya vyumba vitatu vinne, takwimu za maadui wa humo, na kipande cha ramani kinachoonyesha vyumba hivyo tu. Ndiyo, utairudia ramani mara tatu au nne. Irudie. Namba shufwa huwa kushoto, kwa hiyo kila sehemu ianze kwenye ukurasa wa namba shufwa. Na kama maandishi yamezidi kwa mistari sita, punguza maandishi. Hili linauma, najua. Nimekata aya nilizozipenda sana kwa sababu hiyo, na kila mara kisa kilichezeka vizuri zaidi.

Ndani ya chumba, tanguliza kinachoonekana mlango ukifunguliwa, halafu kinachogundulika kwa kupekua, mwisho siri. Nimeona vitabu vinavyoeleza historia ya mfalme aliyejenga chumba, na katika sentensi ya tano vinataja kwamba kuna chui. Chui aje kwanza.

Herufi nene zitumie kwa vitu ambavyo mchezaji anaweza kuvishika, kuvifungua au kupigana navyo, basi. Jedwali la dadu lisikatwe kati ya kurasa mbili. Namba zikae kushoto, na mstari mmoja baada ya mwingine upewe kivuli chepesi cha asilimia 10 ili jicho lisiteleze.

Wateja wangu wengi wanasoma kwa simu. A5 inatosha? (Bukoba)

Haitoshi. Pima: skrini ya simu ya kawaida ina upana wa milimita 70 hivi, A5 ina 148. Maandishi ya pointi 10 yanaonekana kama ya chini ya 5. Tengeneza toleo lenye ukurasa mrefu wa uwiano wa 9 kwa 16, safu moja, herufi kubwa. Hapo kanuni ya kurasa mbili zinazotazamana haina kazi, nafasi yake inachukuliwa na viungo: kila "tazama ukurasa wa 34" ibonyezeke, na yaliyomo yaonekane pia kwenye orodha ya pembeni ya PDF.

Picha za kuchapa ziwe nukta 300 kwa inchi. Za simu 150 zinatosha, na mteja hatamaliza bando kwa kupakua kitabu chako. Angalia pia alama ya ng'. Chagua umbo moja, iliyonyooka au iliyopinda, ulitumie kitabu kizima, maana programu nyingine huziona kama alama mbili tofauti, na anayemtafuta "ng'ombe" ataambiwa hayupo.

Programu ipi ya bure, na fonti zipi? (Kisumu)

Scribus kwa kupanga, Gentium kwa maandishi. Leseni ya Gentium inakuruhusu kuitumia ndani ya kitabu unachouza. Fonti uliyotumiwa tu na rafiki, bila kujua leseni yake, usiiweke kwenye bidhaa.

Kitabu changu cha A5 kina kurasa 50. Mpiga chapa anasema lazima ziwe 52. Ananidanganya? (Arusha)

Hapana, dada, ni mkweli. Kitabu cha kushona kwa pini katikati hutengenezwa kwa karatasi zinazokunjwa, na kila karatasi moja ni kurasa nne. Hamsini haigawanyiki kwa nne. Na kwa kuwa karatasi za ndani husukumwa nje zinapokunjwa pamoja, zile za katikati hukatwa zaidi. Usisogeze maandishi karibu sana na ukingo, na picha inayofika mwisho wa ukurasa ipitilize kwa milimita 3.

Hizo kurasa mbili za ziada zifanye karatasi ya mhusika, uziweke 26 na 27, katikati kabisa, ambapo kitabu hulala wazi bila kushikiliwa. Watu watazitoa fotokopi bila kuvunja mgongo wa kitabu.