Majibu kwa wasomaji: Kronos na Pieces of Africa, tumuamini nani?

*Shikamoo kaka. Mi nafundisha kwaya hapa Tanga, rafiki yangu kanirushia albamu ya Kronos Quartet, wale Wamarekani wanne wa nyuzi, inaitwa Pieces of Africa, ya mwaka 1992. Nimeisikiliza kama mara tano hivi, kuna vipande vimenitoa machozi na kuna vingine naona kama watu wanajaribisha ala tu. Nikasema ngoja nisome wahakiki wanasemaje, ndo nikachanganyikiwa kabisa, huyu anasema kazi ya kihistoria, yule anasema wazungu wamechukua muziki wetu wakaupaka rangi. Sasa nimfuate nani? Na mi nisiye na digrii ya muziki nina haki ya kusema hiki kizuri hiki hapana?*
Mwalimu wa kwaya, Tanga

Marahaba mdogo wangu. Naanza na swali lako la mwisho maana ndo lililonigusa. Haki unayo, tena kubwa tu. Mtu aliyekulia Tanga fidla kaisikia kwenye taarab kabla hata hajajua kuongea vizuri, na Ikhwan Safaa wa Unguja wapo tangu 1905, kwa hiyo hakuna wa kukuambia kwamba upinde na nyuzi ni mambo ya watu wengine we kaa pembeni.

Ila kuna tofauti moja uishike. Kwenye taarab fidla tatu nne zinapita njia moja, utamu unatoka pale zinapoungana na kila mpigaji anatia vionjo vyake kidogo kidogo juu ya mstari uleule. Kwenye kwateti wapo wanne tu, fidla mbili, viola (fidla kubwa kidogo) na chelo (kubwa zaidi, ya kupiga umekaa), na kila mmoja ana njia yake peke yake, hakuna wa kujificha nyuma ya mwenzake. Kwa hiyo pale uliposikia "wanajaribisha ala" jaribu kurudia mara moja ukimfuata mtu mmoja tu, mfuate chelo kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha rudia umfuate wa viola. Ukimaliza bado hujapenda basi hukupenda, hukumu yako ni halali.

Sasa wahakiki. Albamu ile ilifika namba 1 kwenye chati mbili za Billboard, jarida la muziki la Marekani, kwa wakati mmoja, ya klasiki na ya muziki wa dunia, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Watu wanaitaja kama sifa na ni sifa kweli, lakini mi naona humo humo ndimo ulipoanzia mkanganyiko unaouona. Mtu wa klasiki anasikiliza upinde, anauliza hawa wanne wameshikana vizuri, na kazi imejengwa au inarudiarudia tu? Mtu wa muziki wa dunia anasikiliza ngoma, anauliza je hii ndo yenyewe kama inavyopigwa kijijini? Wote wawili wanasema kweli ya pale walipokaa, na we ukizisoma kauli zao pamoja lazima kichwa kiume.

Kitu ambacho naomba kila mhakiki angeanza nacho ni kutaja mwenye wimbo. Hapa watunzi ni saba, na majina yao yapo: Dumisani Maraire wa Zimbabwe, Hassan Hakmoun wa Moroko, Foday Musa Suso wa Gambia, Justinian Tamusuza wa Uganda, Hamza El Din Mnubi wa Misri, Obo Addy wa Ghana, na Kevin Volans, mzungu wa Afrika Kusini. Na hawakutajwa tu majina, Maraire mwenyewe yuko humo ndani na ngoma na hosho (manyanga ya kibuyu), Suso na kora yake (kinubi cha Afrika Magharibi), Hakmoun na sintir (aina ya gambusi la sauti nzito), Hamza El Din na tari. Mai Nozipo ambayo naamini ni mojawapo ya zilizokutoa machozi, Maraire aliitunga kwa kumkumbuka mama yake. Mtu anamlilia mama yake kwa lugha yake ya muziki, kakaribisha wenzake wanne wenye nyuzi wamsindikize, hapo neno "wamechukua" silioni linaingia wapi. Ile lawama inaweza kuwa na mashiko kwenye kazi moja humo, nitaifikia kwenye barua inayofuata, lakini kuimwaga juu ya albamu nzima ni kuwafuta watunzi sita ambao waliandika kazi zao wenyewe, na hilo linaniuma kweli.

Kwa sikio la Afrika Mashariki kazi ya kukaa nayo muda mrefu ni ya Tamusuza, Ekitundu Ekisooka. Ni Kiganda, maana yake kipande cha kwanza, ni sehemu ya kwanza ya kazi inayoitwa Mu Kkubo Ery'Omusaalaba, yaani kwenye njia ya msalaba. Kama umewahi kuona amadinda ya Buganda unajua inavyokuwa, ile marimba ya vibao 12, wapigaji wawili wamekaa wanatazamana, mmoja anapiga mwenzake anaingia katikati ya mapigo yake, kasi ile ile, kisha wa tatu anakaa kwenye vibao viwili vya mwisho na kuokota nota zinazorudi. Matokeo yake unasikia wimbo ambao hakuna hata mmoja wao anayeupiga mzima! Unatokea hewani. Tamusuza kaichukua akili hiyo kaigawa kwa watu wanne wenye pinde, na kuna mahali sauti inakwaruza na kukauka kama endingidi, ambayo wewe utaijua kwa ndugu yake zeze. Sasa mtu asiyejua amadinda akisikia hayo anaona marudio, anafikiri ni ule mtindo wa Wamarekani wa kurudia kipande kimoja muda mrefu, anamsifu au anamponda kwa kitu ambacho Tamusuza hakukitoa huko. Hapo ndipo mwalimu wa kwaya wa Tanga au mpiga zeze wa Dodoma ana la kumfundisha mhakiki mwenye digrii tatu.

Na usidhani nasifu kila kitu. Kwenye Wawshishijay ya Obo Addy mi naona nyuzi zinabaki kushangilia ngoma tu, ukizitoa hupungukiwi sana. Escalay ya Hamza El Din ni kinyume chake kabisa, escalay ni gurudumu la kuvutia maji ya Nile, linazunguka taratibu na muziki unazunguka nalo, na kijiji alichozaliwa Toshka kilikuja kumezwa na maji ya bwawa la Aswan. Aliipiga kwanza kwa udi peke yake. Ukiwa na haraka usiisikilize, iache hadi usiku.

*Kaka habari za kazi. Hiyo White Man Sleeps ya Volans, jina lake ni tusi au? Na ni kweli alikopi?*
Msomaji, Nairobi

Nzuri ndugu yangu. Jina maana yake mzungu analala, na si tusi. Volans mwenyewe alieleza kwamba limetoka kwenye ngoma ya nyanga, zile filimbi za mwanzi zinazofungwa pamoja, za Msumbiji. Kuna mahali wachezaji wanaacha kupuliza filimbi na kubaki na mlio wa njuga za miguuni tu, ili mzungu mwenye shamba alale kidogo. Likae kichwani hilo unaposikiliza.

Kuhusu kukopi, hapa ndo lawama ina uzito na watu wazima wameijadili. Kazi hiyo mwaka 1982 ilikuwa ya harpsikodi mbili (kinanda cha zamani cha Ulaya) zilizokazwa nyuzi kwa mfuato wa sauti wa Kiafrika, pamoja na viola da gamba (ala ya zamani ya upinde) na ala za kugonga, halafu mwaka 1986 akaiandika upya kwa ajili ya Kronos. Mtafiti wa muziki Timothy Taylor aliandika mwaka 1995 kuhusu Volans na siasa ya muziki wake, na mtafiti mwingine, Martin Scherzinger, ambaye asili yake ni Afrika Kusini alifuatilia ngoma zenyewe zilizotumika humo, nyanga ikiwemo, akaonyesha ni kwa kiasi gani mtunzi anazifuata na wapi anaziacha. Huo ndo uhakiki ninaoupenda, mtu hasemi "kaiba" au "hajaiba" halafu akaondoka, anakaa chini anaweka hii kando ya hii.

Mi nachokilalamikia zaidi ni ule mfuato wa nyuzi. Ilipohamia kwenye kwateti ikaja kwenye nota za kawaida za Ulaya, na ule uchachu wa mwanzo ukapungua. Ni muziki mzuri bado, kipande cha kwanza kina mbio ambazo nikiwa barabarani kinanichangamsha, lakini kitu kimebaki njiani, na waliopuliza zile filimbi hawamo kwenye orodha ya watunzi. Jambo moja zuri niongeze, Tamusuza alisoma kwa Volans kule Queen's University Belfast, kwa hiyo usimuweke Volans kama adui wa watunzi wa Kiafrika, mambo yao yameingiliana kuliko lawama zinavyosema.

*Nataka kuandika uhakiki wa albamu hii kwa gazeti la chuo, nianzie wapi?*
Mwanafunzi, Morogoro

Anza na Kronos wenyewe kwa ufupi tu, David Harrington aliwaanzisha Seattle mwaka 1973 baada ya kusikia redioni Black Angels ya George Crumb, kazi iliyoandikwa enzi za vita ya Vietnam, na tangu hapo kazi yao ni kuwaagizia watunzi walio hai waandike vitu vipya. Wapigaji wa rekodi hii ni yeye, John Sherba, Hank Dutt kwenye viola na Joan Jeanrenaud kwenye chelo. Kisha achana na historia, chagua vipande viwili tu usiandike vyote, kimoja ulichokipenda na kimoja kilichokukera, useme dakika ya ngapi kimekushika au kukuchosha na ni ala gani ilikuwa inapiga. Neno "mahiri" lifute kila likijitokeza. Na ukipata mtu wa Uganda hapo chuoni mwekee Ekitundu Ekisooka kabla hujaandika, usimwambie ni nini, muulize tu anasikia nini.