Moto Ukizuka Jengoni, Watu Hawakimbii: Wanaangaliana

Muulize mtu yeyote wa Nairobi watu hufanya nini jengo la umma likishika moto, atakwambia wanakanyagana. Mayowe, misukumano, kila mtu na roho yake. Mimi niko katika kikosi cha kuwatoa watu nje kwenye jengo moja la ofisi katikati ya jiji, kazi ya kujitolea ambayo malipo yake ni jaketi la kung'aa na filimbi, na sijawahi kupata taabu ya kuwazuia watu wasikimbie. Taabu yangu ni kuwainua vitini.

Kengele inalia. Mmoja anainua kichwa, anamtazama jirani. Jirani anatazama mlango wa mkubwa. Mkubwa bado yuko kwenye simu, basi wote wanarudi kwenye kazi zao. "Ni moto wa kweli ama ni yale majaribio yenu?" ananiuliza mwingine. Mwenzake hata haniangalii: "Ngoja kidogo nitume hii barua pepe." Kuna mama mmoja ninayemheshimu sana ambaye hatoki bila bakuli lake la wali na ndengu. Kulalamika siwezi, masikio yetu yamechoshwa na kengele za magari, za maduka, na ving'ora vya waheshimiwa wanaotaka kupishwa barabarani.

Tabia hii haina kabila wala nchi. Mwaka 1968 wanasaikolojia wa Marekani, Bibb Latané na John Darley, walichapisha matokeo ya jaribio lao. Mtu aliwekwa chumbani ajaze hojaji, kisha moshi ukapenyezwa kupitia tundu la ukutani. Kati ya waliokuwa peke yao, asilimia 75 walitoka kutoa habari. Waliokaa na watu wawili walioagizwa wajifanye hawaoni kitu, ni asilimia 10 tu waliotoka. Waliobaki walikohoa, wakaupunga moshi usoni, wakaendelea kuandika.

Kwa hiyo, ukisikia kengele au ukinusa kitu kinachoungua, inuka wewe. Usisubiri uhakika. Sema kwa sauti, "Twendeni nje," na uanze kutembea. Nimeona mtu mmoja akisimama, hata awe mwanafunzi wa mafunzo ya kazini, safu nzima ikamfuata. Na usiwaambie "watu wote" wafanye jambo, maana "watu wote" hakuna aliye yeye. Mtaje mmoja: "Wewe wa sweta nyekundu, tushikie huo mlango." Wa sweta nyekundu ataushika.

Walio katikati ya shughuli ndio wagumu zaidi. Mei 1979 duka la Woolworths mjini Manchester, Uingereza, lilishika moto kwenye sehemu ya fanicha, na watu 10 wakafa. Ghorofa hiyo hiyo ilikuwa na mkahawa, na baadhi ya wateja walichelewa kuondoka. Wengine walikuwa wakingoja kulipia chakula. Nikiingia mkahawa wa mjini saa saba mchana, foleni ya kulipa ikiwa imefika mlangoni, huwa nalikumbuka hilo. Bili italipwa kesho. Hakuna mhudumu atakayekufukuza ndani ya moshi akidai pesa ya pilau.

Halafu kuna udadisi. Kwenye uwanja wa mpira wa Bradford, Mei 1985, moto ulianza mdogo chini ya viti, na kuna mashabiki waliosimama kuutazama. Dakika chache baadaye jukwaa zima lilikuwa likiwaka. Watu 56 walikufa. Sisi wa Nairobi hatuhitaji kwenda mbali. Tarehe 7 Agosti 1998, kabla ya bomu kubwa kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani, kulisikika milio ya risasi na mlipuko mdogo. Watu wa majengo ya jirani walikwenda madirishani kuona kuna nini. Vioo vikawapata wakiwa hapo hapo, na wengi walipoteza macho. Hilo halikuwa tukio la moto, lakini miguu iliyowapeleka dirishani ndiyo hii inayotupeleka leo kuchungulia moshi, sasa tukiwa tumeinua simu turekodi. Ukisikia kishindo, ondoka dirishani. Habari utazipata ukiwa nje.

Watu wakishaanza kutoka, wanaelekea mlango walioingilia. Katika klabu ya The Station, jimbo la Rhode Island, Marekani, Februari 2003, fataki za jukwaani ziliwasha sponji ya ukutani. Milango mingine ilikuwepo, lakini wengi walikwenda ule wa mbele, na kabla dakika mbili hazijaisha watu walikuwa wamekwama pale. Waliokufa ni 100. Sasa fikiria yale majengo yetu ya eksibisheni, vibanda vimebanana, ngazi moja nyembamba, na kwenye kona ya ngazi mtu ametundika jinzi za kuuza. Ukiingia mahali kama hapo, au klabu, au kanisa lenye maelfu, tafuta mlango wa pili kabla hujatulia. Uufuate kwa macho hadi mwisho, kwa sababu maandishi ya kijani ya kuonyesha njia ya kutokea yanaweza kukupeleka kwenye stoo. Ukiwa na mgeni wako, mwonyeshe pia. Atakuona mshamba, mwache.

Lifti usiiguse. Moshi ukishuka, inama, hewa ya chini ni nafuu, na kumbuka kwamba kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina rangi wala harufu. Mlango uliofungwa uguse kwanza kwa nyuma ya kiganja. Ukiwa moto, uache.

Wazazi nitawasemesha pembeni. Mwaka 1973 jumba la burudani la Summerland, kwenye Kisiwa cha Man, liliungua na watu 50 wakafa. Kulikuwa na wazazi waliorudi kinyume na umati kuwatafuta watoto waliokuwa ghorofa nyingine. Nani angemlaumu mzazi? Lakini Jumapili tunafanya vivyo hivyo kwenye maduka yetu makubwa: mtoto anaachwa sehemu ya michezo juu, baba yuko chini na mpira, mama yuko supamaketi. Kabla hujamwacha, muulize yule dada anayewaangalia: moto ukizuka, watoto unawatoa kwa mlango gani na unawapeleka wapi? Akikosa jibu, ondoka na mtoto wako. Na nyinyi wakubwa mkubaliane mahali pa kukutana nje, mahali penye jina, kwa sababu mtandao wa simu utazidiwa kila mtu akipiga kwa wakati mmoja.

Kanuni za Kenya za mwaka 2007 kuhusu hatari ya moto kazini zinataka mazoezi ya kutoka nje yafanyike angalau mara moja kwa mwaka. Uliza kwenu yalifanyika lini.

Kitu kingine cha kuuliza ni funguo. Tarehe 28 Januari 2009 duka la Nakumatt Downtown liliungua hapa mjini na watu 29 wakafa, na tangu siku hiyo siwezi kupita mlango wa nyuma wenye kufuli bila kuuliza. Usimuulize meneja, muulize soja wa zamu: huu ufunguo uko na nani? Kwenye jengo letu ulikuwa kwa msimamizi aliyetoka kazini saa kumi na moja jioni, huku wafanyakazi wa usiku wakibaki juu hadi asubuhi. Sasa mlango ule una chuma cha kusukuma kwa ndani. Kwa nje haufunguki, kwa hiyo mwizi haingii. Mwenye jengo aliilalamikia bei majuma mawili, kisha akalipa.