Kila tabia mpya inanifia ndani ya wiki: jibu

Dada wa Jinja, umeuliza kwa nini kila tabia mpya inakufia ndani ya wiki, na kwa nini sauti inakukauka kwenye kikao cha akiba. Wiki ni mapema mno! Mtafiti wa tabia Phillippa Lally na wenzake kule London waliwafuatilia watu 96. Tabia ilikadiriwa kuzoeleka kwa wastani wa siku 66. Wengine 18, wengine hata 254. Na kuruka siku moja hakukuharibu kitu.

Mimi woga wa kusema nilianza kuuzoea sokoni Owino, Kampala, kwenye kibanda changu cha mitumba. Kila asubuhi, nikishafungua kufuli tu, namsalimu jirani kwa sauti, nikimtazama usoni. Mwanzoni viganja vilinitoka jasho. Kikaoni, uliza swali moja fupi, mapema, kabla woga haujakomaa. Kisha rudi utuambie, dada.