Tangazo Dola 60, Bili Dola 77: Jibu Langu kwa Nyumbani

Juzi mpwa wangu, anayejiandaa kuja kusoma Houston, jimbo la Texas, mwezi wa nane, alinitumia picha ya tangazo la kampuni moja ya simu ya huku Marekani. Dola 25 kwa mwezi kwa kila laini, intaneti bila kikomo. Chini yake akaandika: "Mjomba shikamoo. Mbona wewe kila siku unasema simu yako inakula dola 77? Mama anauliza hiyo tofauti inaenda wapi."

Marahaba, mpwa wangu. Na wewe dada, umeuliza kwa haki. Najua swali hili mmekaa nalo muda mrefu, tangu ile miezi niliyotuma pungufu na nikawaambia bili zimenibana. Sikuwadanganya. Leo nimeichukua bili ya mwezi uliopita, nimeiweka mezani, na nitaipitia pamoja nanyi mstari kwa mstari.

Kwanza hilo tangazo. Rudi kwenye picha uikuze, soma yale maandishi madogo ya chini. Utakuta mambo matatu: bei hiyo ni kwa mwenye laini nne, aliyeruhusu kampuni ikate pesa yenyewe kwenye akaunti yake ya benki, na kodi na ada hazimo. Kwa hiyo dola 25 ni dola 100 za familia nzima zilizogawanywa kwa nne. Mwanafunzi anayekuja peke yake na begi lake hawezi kuipata. Kwa laini moja kampuni hiyohiyo inanitoza mimi dola 60, na hiyo 60 nayo si mwisho.

Nilijifunza hili vibaya. Nilifika Chicago mwanzoni mwa 2019, baridi kali, na jambo la kwanza nililotaka ni kumpigia mama nimwambie nimefika. Dukani kulikuwa na bango: simu ya dola 800, kianzio sifuri, unalipa kidogokidogo kwa miezi 24. Nikapiga hesabu, dola 33 na senti kwa mwezi, nikaona naiweza. Mfukoni nilikuwa na dola 60 tu za siku ile. Yule dada wa kaunta akanijazia fomu zote, kisha akaniambia nilipe dola 117. Nikamwonyesha bango. Akanieleza kwa upole kuwa simu kweli haina kianzio, lakini dola 82 ni kodi ya mauzo na dola 35 ni ya kuunganisha laini. Kodi yenyewe haikopeshwi. Simu unaichukua kwa mkopo wa miaka miwili, lakini serikali inataka chake siku ileile, tena kwa bei nzima ya simu. Nilitoka mikono mitupu. Mama alikaa siku mbili akidhani nimepatwa na jambo njiani, na hilo linaniuma mpaka leo.

Dola 82 zilitoka wapi? Huku hakuna VAT ya nchi nzima kama yetu ya Tanzania. Kodi ya mauzo ni ya majimbo, na chini ya jimbo kila wilaya, mji na hata mamlaka ya usafiri inaweza kuongeza yake. Kodi ya Chicago wakati ule ilikuwa asilimia 10.25: jimbo la Illinois 6.25, wilaya ya Cook 1.75, mji wenyewe 1.25, na mamlaka ya mabasi na treni 1. Asilimia 10.25 ya dola 800 ndiyo 82. Ukinunua simu hiyohiyo Houston, ambako ni asilimia 8.25, utalipa 66. Portland kule Oregon hutalipa hata senti, kwa sababu Oregon haina kodi ya mauzo kabisa. Majimbo 45 pamoja na mji mkuu Washington yanayo. Yasiyo nayo ni Oregon, Montana, Delaware, New Hampshire na Alaska, ingawa Alaska inaruhusu miji yake itoze.

Hapo ndipo ninapoomba msichanganye mambo mawili, maana hata wenyeji wa huku huyachanganya. Kodi ya mauzo niliyoieleza ni ya kifaa, unailipa mara moja unaponunua. Huduma ya kila mwezi ina kodi zake, na kila jimbo lina mtindo wake. Texas inaitoza huduma ya simu kodi ileile ya mauzo. Illinois ina kodi ya peke yake ya mawasiliano; ilikuwa asilimia 7, na tangu Julai 2025 imepanda hadi 8.65. Juu yake mji wa Chicago unaongeza asilimia 7 ya kwake. Katika majimbo yote Illinois imekuwa kileleni kwa kodi za simu za mkononi kwa miaka kadhaa, na mimi ndiko nilikojenga maisha.

Sasa bili. Mstari wa kwanza, dola 60, kifurushi. Mstari wa pili, dola 4.70, kodi za jimbo na mji. Mkifanya hesabu mtaona 8.65 na 7 ni 15.65, na asilimia 15.65 ya dola 60 ingekuwa zaidi ya dola 9. Mbona ni nusu? Ni kwa sababu ya sheria ya taifa ya mwaka 1998 inayokataza majimbo kuitoza kodi huduma ya intaneti. Iliongezwa muda mara kwa mara, mwaka 2016 ikafanywa ya kudumu, na majimbo machache yaliyokuwa yameruhusiwa kuendelea yalikomeshwa katikati ya 2020. Kwa hiyo kampuni inagawa kifurushi changu kwenye vitabu vyake, sehemu ya intaneti na sehemu ya kupiga simu, na kodi inakaa kwenye sehemu ya kupiga tu. Kwenye bili yangu sehemu hiyo ya kupiga ni dola 30. Bila sheria hiyo ningekuwa naumia zaidi.

Mstari wa tatu, dola 5.00, namba ya dharura 911. Hii ni ya Chicago, dola tano kwa kila laini kila mwezi, uwe na kifurushi cha bei kubwa au kidogo. Nyie mkiwa na laini nne ni dola 20. Illinois nje ya Chicago ni dola moja na nusu, na Texas ni senti 50. Sinung'uniki sana hapa. Usiku mmoja jirani yangu mzee alianguka kwenye ngazi, nikapiga namba hiyo, na gari la wagonjwa lilifika kabla sijamaliza kumfunika blanketi. Ila mseja mwenye kifurushi cha dola 15 analipa dola tano sawa na mwenye cha dola 100, na hilo si haki.

Mstari wa nne, dola 4.01, Mfuko wa Huduma kwa Wote. Huu ni wa serikali kuu, umetokana na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 1996. Pesa yake inapeleka mtandao vijijini, inasaidia shule na maktaba, hospitali za mashambani, na inapunguza bili za watu wa kipato cha chini. Kiwango kinabadilika kila robo mwaka. Robo ya pili ya 2025 kilikuwa asilimia 36.6. Usishtuke, si asilimia 36 ya bili yote. Kinahesabiwa kwenye mapato ya simu zinazovuka jimbo na zinazokwenda nje ya nchi tu, na wanaodaiwa kisheria ni kampuni. Sheria haiwalazimishi kumsukumia mteja, inawaruhusu tu, nao wote wanasukuma. Kulikuwa na kesi ya kutaka mfuko huo uvunjwe kama kinyume cha katiba, na Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliukubali, majaji sita kwa watatu. Basi mstari huu utaendelea kuwepo.

Mstari wa tano ndio unaonikasirisha. Dola 3.49, umeandikwa "ada ya utawala na kurejesha gharama", na wameuweka katikati ya kodi. Ukiusoma haraka utadhani ni ya serikali. Si ya serikali. Ni pesa ya kampuni yenyewe, gharama zake za kuendesha biashara, ambazo ingeweza kuziweka ndani ya zile dola 60. Sheria za huku zinawakataza kuiita kodi, na hawaiiti kodi. Wanaiweka jirani na kodi tu. Nilipopiga simu kuuliza, kijana aliyepokea alikiri kwamba si kodi, lakini akasema hana uwezo wa kuiondoa. Tangu nijiunge imepandishwa mara mbili, na bei ya tangazo haikusogea. Ndiyo sababu nawaambia msiilaumu serikali kwa kila kitu kilichoandikwa chini ya neno "kodi na ada". Kodi inapigiwa kura na ina kiwango unachoweza kukisoma. Hii inapandishwa na mtu ofisini na wewe unaarifiwa kwa mstari mmoja.

Jumlisheni: 60, na 4.70, na 5, na 4.01, na 3.49. Dola 77.20.

Dada aliniuliza siku nyingi kwa nini wasiandike tu 77 kwenye tangazo. Sababu moja ni ya kweli: tangazo moja linaonekana nchi nzima, na nchi hii ina maelfu ya maeneo yenye viwango tofauti vya kodi. Kodi ya simu ya mkononi inafuata mahali unapoishi au unapoitumia zaidi, si duka uliponunulia laini, kwa hiyo kampuni haijui jumla yako mpaka uandike anwani. Lakini sababu hiyo haielezi ile ada ya kampuni, ambayo haitegemei anwani ya mtu. Hiyo wanaiacha nje kwa kuwa 60 inavutia kuliko 63.49.

Na tuwe wakweli kuhusu nyumbani pia. Mkinunua vocha au bando mnalipa VAT ya asilimia 18 na ushuru wa bidhaa kwenye mawasiliano, ila vyote vimekwisha kumezwa ndani ya bei. Shilingi elfu moja uliyoiona dukani ndiyo unayotoa. Kwa hiyo si kwamba huku wanatozwa na nyie hamtozwi. Nyumbani mnajua mtakachotoa kabla ya kufungua pochi, na mgeni asiyekuwa na akiba anakihitaji sana kitu hicho. Ile siku ya dukani ningejua ni 117, ningekwenda na 117, au ningenunua simu ya dola 100 nikampigia mama jioni ileile.

Mpwa wangu, njoo na simu yako hiyohiyo, bora iwe haijafungwa kwenye mtandao mmoja na inakubali masafa ya huku. Usichukue simu ya mkopo mwaka wa kwanza. Utasikia kuna wikiendi ya mwezi wa nane ambapo Texas inasamehe kodi ya mauzo. Ni kweli, lakini ni kwa nguo, viatu, mabegi na vifaa vya shule vya chini ya dola 100, simu haimo. Tafuta laini ya kulipia kabla, kwa sababu baadhi yake zinatangaza bei ambayo kodi na ada zote zimo ndani. Soma hayo maneno kwa macho yako, na bado umuulize muuzaji swali moja: "Mwezi wa pili, nikiwa na laini moja, nitatoa jumla ya dola ngapi?" Uliza mwezi wa pili, maana wa kwanza una ada ya kuunganishwa. Na hiyo jumla ndiyo uiandike kwenye bajeti utakayompelekea mama yako, ili siku ukimwambia umebanwa asije akakaa na swali kama alilokaa nalo kwangu.

Ukishuka uwanja wa ndege Houston, mtandao wa bure upo. Mpigie mama yako palepale kabla hujachukua begi. Kisha nipigie mimi, na ukienda dukani uniweke kwenye spika.