Nyie vijana wa modeli za kompyuta, kabla hamjagusa parameta shukeni pwani

Juzi vijana wawili wa fildi wamenionyesha grafu ya maji kujaa na kupwa hapa Tanga, mstari wa modeli umelalia data mpaka huoni tofauti, nikawauliza geji ya kupimia kimo cha maji ilifungwa wapi wakabaki wanatazamana. Data wamepewa kwenye flashi. Pwani hawajashuka hata siku moja na kutoka pale tulipokaa mpaka majini hata dakika kumi kwa mguu hazifiki. Usiku ule sikulala vizuri maana nilijiona mimi mwenyewe kabisa, ndo nikasema niandike. Nawapenda wadogo zangu lakini hili mmelirudia mno.

1. Andika saa ni saa ya wapi. Hii nitaisema kwa kirefu kwa sababu imenila mwaka mzima.

Nilikuwa natengeneza modeli ya hori linaloingia kwenye mikoko, upande wa njia ya Tongoni. Mlangoni mwa hori nikaweka kujaa na kupwa kwa bahari, M2 ya mvuto wa mwezi, S2 ya mvuto wa jua na wenzao kama kawaida, na ndani kabisa nilikuwa na geji. Kulinganisha mara ya kwanza, geji inaonyesha maji yamejaa masaa matatu baada ya modeli. Nikasema hii ni mikoko, mizizi yote ile na tope lote lile maji lazima yachelewe. Nikapandisha msuguano wa chini, maji yakachelewa kidogo. Nikapandisha tena, kimo kikashuka, nikaongeza kimo mlangoni ili kifidie, halafu msuguano tena, hivyo hivyo miezi minne mpaka mstari ukakaa. Siku ile nilipiga simu nyumbani kwa furaha. Nikaandika sura nzima kwamba mikoko ya hori lile inazuia maji masaa matatu, nikaiwasilisha semina watu wakapiga makofi, mwenzangu mmoja akaichukua namba yangu ya msuguano akaitia kwenye modeli yake ya mchanga.

Tukaenda kijijini kurudisha matokeo. Nimebandika grafu ukutani, mlangoni maji yanajaa saa saba usiku, ndani saa kumi. Mzee mmoja mvuvi akasikiliza mpaka mwisho, akasogea akaomba asomewe zile saa, kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, mwezi mpevu maji hujaa saa kumi. Mlangoni saa kumi, huku ndani saa kumi na kitu. Hiyo saa saba umeitoa wapi?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa pwani, na mwezi mpevu maji kujaa saa kumi nalijua tangu nasoma shule ya msingi, lakini miezi yote ile nimeitazama saa saba kwenye skrini na haikunigutusha kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye ule mstari unavyokaa. Usiku nikafungua faili. Modeli ilikuwa inatoa saa za Greenwich, geji saa za Afrika Mashariki. Masaa matatu, ndo hayo hayo. Mikoko haikuwa na habari. Sura ikafutwa yote, na kilichoniuma zaidi ni ile simu ya kumwambia mwenzangu kwamba namba niliyompa haina maana yoyote na kazi yake ya miezi arudie.

Sasa nieleweni vizuri, simulesheni, yaani kuiigiza dunia kwa modeli, sizichukii, ndo kazi yangu. Hali ya hewa, mikondo, malaria, mambo mengi leo tusingeyajua bila hizo. Ila zimebadilisha kitu. Zamani ukikosea, kijiti ulichochomeka kwenye tope kinakukatalia hapo hapo. Modeli yenye parameta kumi, yaani namba unazopandisha na kushusha mwenyewe, inakukubalia uongo, na inakuchorea grafu nzuri juu yake. Kwa hiyo ikikataana na bahari, saa na vipimo kwanza, msuguano baadaye sana.

2. Hifadhi namba za kuanzia na desimali zake zote. Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa chuo cha MIT Marekani, mwaka 1961 alirudia simulesheni yake akaingiza 0.506 badala ya 0.506127, hali ya hewa ikaenda njia nyingine kabisa, na bahati nzuri yeye alisimama akauliza kwa nini.

3. Simulesheni zilizoharibika msizifute. Richardson, Mwingereza, alikokotoa hali ya hewa ya tarehe 20 Mei 1910 kwa mkono, kazi kubwa akaifanya akiwa dereva wa ambulensi Ufaransa wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, jibu likatoka shinikizo la hewa kubadilika hektopaskali 145 kwa masaa sita wakati barometa haikusogea hata kidogo cha kusemwa. Akalichapisha hivyo hivyo, 1922! Baadaye ikaonekana milinganyo ilikuwa sawa, tatizo ni data za kuanzia hazikusawazishwa, na 1950 wenzake wakaweza kwa kompyuta ya ENIAC. Angelificha tungejifunzia wapi? Mimi sura yangu iliyokufa naiweka, anayeitaka aje.

4. Aliyeandika programu aandikwe jina. Simulesheni maarufu ya maabara ya Los Alamos, Marekani, iliyotolewa ripoti 1955, iliitwa kwa miaka mingi kwa majina ya Fermi, Pasta na Ulam, na Mary Tsingou aliyeiandikia programu akabaki kwenye shukrani. Na mimi nilifanya vile vile, skripti yote ya kusoma geji aliandika dada mmoja wa maabara, nikamtia mstari mmoja wa shukrani. Nimeshamwomba radhi, na kwenye kazi mpya jina lake ni la pili.

5. Bakapu. Mnajua.

Nyie wawili wa ile grafu, Jumamosi mwezi mpevu. Saa tisa usiku nipo pale horini, njooni na tochi na viatu vya kukanyagia tope, kijiti cha kupimia ninacho, na saa zenu ziwekeni sawa kabla hamjatoka nyumbani.