Kabla ya kulaumu seli, angalia chumvi

Nilikuwa nafanya elektroporesheni, yaani kupiga seli umeme ili DNA iingie. Paa! Cheche ikapiga ndani ya kyuveti, kile kikasha kidogo chenye bamba mbili za chuma, tone likarukia kifuniko, na kazi yangu ya siku nne ikaishia hapo. Nilikuwa nimechota mikrolita 5 za ligesheni (mchanganyiko wa kuunganisha vipande vya DNA) moja kwa moja kutoka kwenye kichupa na kuzitia kwenye mikrolita 50 za seli za bakteria E. koli. Wiki nzima nililaumu seli. Kumbe tatizo lilikuwa chumvi.

Elektroporesheni hutoboa vitundu vya muda mfupi kwenye utando wa seli, DNA ipate kupenya. Maji ya ligesheni yana magnesi na chumvi nyingine zinazopitisha umeme. Zikizidi, mkondo hupita kwa kishindo na seli hufa.

Siku hizi ligesheni yangu naipasha kwanza kwa nyuzi 65 kwa dakika 20, maana ligezi (kimeng'enya kinachounganisha DNA) iliyobaki imeng'ang'ania DNA hupunguza makoloni, yaani vidoa vya bakteria vinavyoota kwenye sahani. Kisha nachukua kile kiutando chembamba chenye matundu ya mikromita 0.025, nakiweka kielee juu ya maji safi kwenye sahani ya petri, upande unaong'aa ukiwa juu, na kudondosha ligesheni katikati. Baada ya nusu saa chumvi imeshukia majini na DNA imebaki juu. Hapo natumia mikrolita 1 tu. Usiwe na tamaa.

Seli nazo zioshwe vizuri kwa gliseroli ya asilimia 10 iliyo baridi kama barafu. Kyuveti ipoe, ifutwe unyevu kwa nje, igongwe kidogo mapovu yatoke. Kyuveti yenye nafasi ya milimita 1 kati ya bamba naipiga kilovolti 1.8, ya milimita 2, kilovolti 2.5.

Halafu soma muda ambao mashine inaonyesha, yaani muda wa umeme kufifia. Mashine ikiwekwa omu 200 na mikrofaradi 25, unatakiwa ukaribie milisekunde 5. Ukiona 3, hata kama hukusikia mlio, chumvi bado ipo.

Jambo ninalowasisitizia sana wanaoanza: jaza pipeti chakula cha SOC (maji yenye virutubisho vya kufufua seli) kabla hujabonyeza kitufe. Seli zilizopigwa umeme zinakufa huku wewe unatafuta kichupa, na dakika moja tu ya kuchelewa inatosha kukupotezea makoloni mengi. Zichanganye taratibu na SOC, kisha uzipe saa nzima kwenye nyuzi 37 zikitikiswa kabla ya kuzipaka kwenye agari yenye antibiotiki.

Na kila mara piga kyuveti moja ya seli zilizotiwa pUC19 safi (plasmidi, DNA ndogo ya duara, ya kujaribia seli) pembeni. Ikiota hiyo na yako isiote, rudi kwenye ligesheni, seli ziache.