Maswali ya bustani: mgagani umefika mlangoni

Mvua za kwanza zimeshadondoka hapa Dodoma, na simu imejaa swali lile lile: "Kimeota chenyewe, nifanyeje?" Haya, twende.

Mwaka jana nilipanda matuta mawili tu ya mgagani. Mwaka huu umeota mpaka kwenye kokoto za mlangoni. Nang'oa, unarudi. (Nkuhungu)

Ulipanda mawili, ukachuma majani mpaka ukachoka, kisha ukaacha maganda yakaukie pale pale. Ganda la mgagani likishakuwa la njano hupasuka lenyewe na kumwaga vimbegu vyeusi kama baruti. Vikiwa vipya, vingi hulala miezi kadhaa kabla ya kukubali kuota. Ndiyo maana Juni uliona udongo mtupu ukadhani umeshinda.

Sasa usilime kwa kina. Jembe likizama linapandisha mbegu zilizokuwa zimezikwa. Mwagilia tuta tupu, au iachie mvua kazi hiyo, usubiri siku saba hadi kumi. Miche ikitoa majani mawili, parua juu juu siku ya jua ili ikauke hapo hapo. Rudia mara mbili au tatu, ndipo upande mboga unayoitaka na kufunika nafasi kwa mabua ya mtama. Itakayochomoza baadaye ing'oe ingali laini, upike. Kama unataka mbegu, acha mashina mawili tu, na maganda yakianza kubadilika rangi yafunge kwa kitambaa. Mawili yanatosha mtaa mzima.

Mchicha unaoota wenyewe niuache? (Kisasa)

Uache uliwe, usiuache uzae. Shina moja kubwa linaweza kutoa mbegu zaidi ya 100,000.

Mnanaa umemeza bustani. Nikikata maua utakoma? (Ipagala)

Nimeshalijibu hili mpaka basi. Mnanaa hautambai kwa mbegu, unatambaa kwa mashina yanayopita chini ya udongo. Ukiukatakata kwa jembe, kila kipande kinakuwa mche. Chimbua wote, upande mmoja kwenye ndoo iliyotobolewa, na ndoo ikae juu ya tofali. Ukiiweka juu ya udongo mashina yatatokea kwenye matundu, halafu utaniandikia tena.

Nilimwaga samadi ya ng'ombe, yakaota magugu nisiyoyajua. (Bahi)

Ng'ombe alikula magugu yenye mbegu, na mbegu nyingi hupita tumboni zikiwa nzima. Samadi ya kutoka zizini moja kwa moja ni mbegu za watu wengine unazopanda kwa gharama yako. Irundike, iloweshe, ifunike, na kuigeuza kila baada ya wiki moja au mbili, ya pembeni iingie katikati. Chomeka nondo katikati ya rundo uiache kwa muda. Ukiichomoa usiweze kuishika, joto la kuua mbegu lipo. Ikitoka vuguvugu tu, ongeza maji na ugeuze.

Nimeambiwa nimwage chumvi. Au dawa ya kuua magugu? (Chamwino)

Chumvi, hapana! Visima vingi vya huku tayari vina maji ya chumvi, nawe unataka kuongeza? Dawa nyingi zinazopulizwa majani huua kilichoota, hazigusi mbegu zilizolala. Utanunua tena mwakani.

Kuna mmea kama giligilani, una vimaua vyeupe, umejaa kando ya uzio. Naweza kuutumia kwenye pilau? (Mpwapwa)

Usithubutu. Usiufikiche hata mkononi kuunusa. Huenda ni gugu karoti, linalowasha ngozi, kusumbua wenye pumu na kufanya maziwa ya ng'ombe yawe machungu. Maua ya giligilani hukaa kama mwavuli. Ya gugu karoti ni vichwa vidogo vyeupe vilivyotawanyika, mfano wa vipande vya koliflawa. Piga picha, mpelekee afisa ugani wa kata. Akithibitisha, vaa glavu na mikono mirefu, ung'oe na mizizi kabla halijakomaza mbegu. Yakishakauka, choma mbali na watu, na mbuzi wasisogee.